KAMERA YA MAMA MDOGO NUSURA IMCHOMESHE MTOTO WA WATU

Haya msomaji wangu, wiki hii sina habari za nani kamwacha nani, wala za fasheni ya suruali. Nina kesi yangu mwenyewe, na ukitaka kucheka cheka taratibu, maana kuna mtoto wa watu ambaye mpaka leo hataki hata kunisalimia.

Hebu pata picha. Ni alfajiri moja ya Septemba 2025, uani kwetu Sogea, hapa hapa Tunduma. Watu zaidi ya 30 wamejaa, wengine bado na khanga za kulalia, wengine mswaki mdomoni. Katikati kasimamishwa kijana mpangaji wa chumba cha mwisho, anatetemeka, na si kwa baridi. Jirani yetu wa bodaboda kaamka kakuta pikipiki haipo. Jamaa mmoja ambaye hata simfahamu kashika nondo. Mwingine anauliza petroli inapatikana wapi saa hizi. Na mkononi mwangu mimi, mtaalamu wa nyumba, kuna simu inayoonyesha picha ya kamera yetu: mtu mwenye jaketi lenye mstari mkononi anasukuma pikipiki kutoka getini. Saa iliyoandikwa pembeni ya picha inasema 21:10, yaani saa tatu na dakika kumi usiku.

"Saa tatu na dakika kumi ulikuwa wapi?"

"Ndani kwangu. Nilikuwa nakaanga mayai."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Hapo ndipo alipopigwa kofi la kwanza.

Nitalirudia hilo kofi. Kwanza nikueleze hiyo kamera ilifikaje pale juu, maana aliyeifunga ni mimi, na makosa yote matatu yaliyofanyika ni yangu, fundi wa bure.

ROBOTA LAPAA

Mama Mdogo ni mfanyabiashara wa vitenge. Wanaoujua mji huu hawahitaji maelezo: ukivuka tu umeshaingia Nakonde, Zambia, na mzigo unakwenda na kurudi kutwa nzima kati ya foleni za malori. Mzigo wake mwingine hulala nyumbani. Basi bwana, Juni 2025, usiku wa baridi kali ile ya kwetu ambayo hata mbwa hatoki nje, robota moja zima la vitenge likapaa. Hakuna aliyesikia kitu. Mlinzi tuliyekuwa tumemweka ndiye aliyelala fofofo kuliko sisi sote.

Mama Mdogo akalia siku mbili, ya tatu akafuta machozi akaniita. "Mwanangu, wewe si umesoma? Nasikia kuna kamera hazina nyaya, unaziona kwenye simu hata ukiwa Mbeya."

Nimesoma mpaka kidato cha nne, na cheti changu kina Historia na Kiswahili, hakina kamera. Lakini unamwambiaje Mama Mdogo hujui, wakati chakula unakula kwake?

Nikaanza kuulizia huku na kule, na katika pitapita zangu nikakutana na stori ya mama mmoja wa Marekani, Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York. Alikuwa anafanya kazi saa zisizoeleweka, mtaa wake ulikuwa na uhalifu, na polisi walikuwa wanachelewa kufika wakiitwa. Mwaka 1966 yeye na mumewe wakaomba hataza ya mtambo wao: kamera inayopanda na kushuka kwenye matundu manne ya mlango, picha inaonekana kwenye televisheni chumbani, na kuna kitufe cha kumfungulia mgeni bila kutoka kitandani. Hataza ilitoka Desemba 1969. Nikamsimulia Mama Mdogo. Akasema, "Unaona? Hata huko ilianza kwa mwanamke aliyechoka."

Dukani utakuta aina mbili kubwa. Kuna inayotumia waifai ya nyumbani, na kuna inayokula laini ya simu yake yenyewe, mara nyingi ikiwa na kipande cha sola. Ya laini ni nzuri kwa shamba kule Momba au bohari la kahawa Mbozi ambako hakuna ruta. Lakini sikiliza mtu wa mpakani: Tunduma simu zinashika mitandao ya Zambia ukiwa umekaa sebuleni kwako. Laini iliyo ndani ya kamera nayo ni hivyo hivyo. Ukisahau kuzima ruhusa ya kuhamia mtandao wa nje, kamera inajikuta Zambia bila pasipoti, na bando lako linakwanguliwa kwa bei ya msafiri. Na hiyo laini lazima isajiliwe kwa alama za vidole kama laini nyingine yoyote. Usikubali laini ya mtu usiyemjua eti "hii iko tayari, weka tu". Ikileta balaa, wewe ndiye utakayetafutwa.

Sisi tulichukua ya waifai. Angalia namba za IP kwenye boksi. Yetu ni IP66: sita ya kwanza ni kwamba vumbi haliingii, sita ya pili ni kwamba inastahimili maji ya kurushwa kwa nguvu. Kwa vumbi letu la Septemba na mvua zetu za Januari, usishuke hapo. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba chombo chochote kinachorusha mawimbi, kamera hii ikiwamo, kinatakiwa kiwe cha aina iliyohakikiwa na TCRA. Ukinunua ng'ambo, pita nayo forodhani mchana kweupe. Tangu Oktoba 2019 tuna kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ukaguzi wa pande zote mbili unafanyika sehemu moja. Njia za vichochoroni waachie wenyewe.

KUFUNGA

Kufunga kwenyewe si kazi ya kutisha, ila kuna vijambo vinavyokera. Nilihangaika saa nzima kamera haikubali kuunganika, kumbe ruta yetu inatoa waifai mbili, moja ya masafa ya 2.4 na nyingine ya 5, na kamera nyingi za bei yetu zinajua ile ya 2.4 tu. Simu yako nayo iwe kwenye hiyo hiyo wakati wa kuunganisha. Unapakua programu, unaionyesha kamera kile kipicha cha vidoti vyeusi na vyeupe kwenye kioo cha simu, inalia, basi imeingia.

Kabla hujapanda ngazi, ijaribu ukiwa umeishika mkononi pale pale unapotaka kuiweka. Matofali ya kuchoma yanapunguza waifai, na bati ndiyo usiseme, linaizuia kama mlinzi wa benki. Sehemu ya kwanza niliyoipenda ilikuwa nyuma ya stoo ya mabati. Picha ikawa inakwama, mtu anaonekana getini, kisha ghafla yuko mlangoni, katikati hayupo, kama mchawi.

Neno la siri la kiwandani libadilishe siku hiyo hiyo. Si maneno ya kutishana. Oktoba 21, 2016, mitandao mikubwa kama Twitter na Netflix ilizimika kwa saa kadhaa sehemu kubwa ya Marekani na Ulaya, na mashine zilizotumika kufanya shambulio hilo zilikuwa pamoja na maelfu ya kamera na ruta za majumbani, ambazo wenyewe waliacha maneno ya siri ya kiwandani. Programu ile ya uharibifu, iliyoitwa Mirai, ilikuwa inajaribu orodha fupi tu ya maneno ya aina ya "admin" na "12345", na mlango unafunguka. Mwenye kamera hajui chochote, yuko zake anakula.

Umeme nao. LUKU ikiisha, ruta inazima na kamera inazima, na mwizi hana haja ya kukata waya. Hilo likumbuke, litakuja kuokoa mtu mbele ya safari.

Kumbukumbu zinaandikwa kwenye memori kadi ndani ya kamera. Yetu ya GB 64 inatunza siku tano hivi, halafu inaanza kufuta za zamani na kuandika juu yake. Kwa hiyo tukio likitokea, usikae wiki nzima ukisimulia kijiweni.

MZEE AJA JUU

Kosa langu la kwanza lilijulikana siku ya nne. Nilikuwa nimeipandisha kamera juu kabisa, karibu na kenchi, nikijisifu kwamba inaona "mpaka kwa jirani". Kweli ilikuwa inaona mpaka kwa jirani. Jirani ni mzee mstaafu wa reli ya TAZARA, ana mabinti watatu wakubwa, na bafu lao liko nje, halina paa.

Alikuja jioni, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hicho kijicho chako kinatazama nini kwangu?"

Nikaanza kumweleza habari za robota. Akanikatiza kwa upole ambao ulikuwa unauma kuliko matusi. "Pole kwa mzigo. Mimi nauliza binti zangu wanaoga wapi kuanzia leo."

Mwenzangu, niliona aibu. Nikafungua simu ili nimhakikishie kwamba haionekani kitu, na kitu kikaonekana. Si mtu, Mungu saidia, lakini ndoo, taulo na nusu ya bafu. Mzee akatazama, hakusema neno, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kwa mwenyekiti ndiko nilikoelimika. Mwenyekiti wetu ni mtu wa makaratasi. Akaanza na Katiba, ibara ya 16, inayompa kila mtu haki ya kuheshimiwa yeye, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya faragha. Akaja kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo ina Tume yake, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Tume hiyo Aprili 2024. Picha ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake binafsi, akasema, sawa na jina lake au namba yake ya simu.

Mama Mdogo akadakia, "Kwa hiyo mtu haruhusiwi kulinda mali yake?"

Anaruhusiwa. Sheria hiyo imemwacha nje mtu anayeshughulika na taarifa kwa mambo yake binafsi, na imeweka msamaha pia kwa shughuli za kuzuia uhalifu. Ukiielekeza kamera kwenye mlango wako, stoo yako na geti lako, hakuna wa kukuuliza. Balaa linaanza jicho linaporuka ukuta. Mwenye gesti, baa, duka au shule huyo ni mwingine kabisa: yeye anakusanya sura za wateja na wafanyakazi, anatakiwa kusajiliwa na Tume, awaambie watu kwamba wanapigwa picha na kwa sababu gani, na picha azitumie kwa sababu hiyo tu. Gesti za Tunduma mnanisikia? Kamera ya mapokezi sawa. Kamera ya koridoni weka na tangazo. Ya chumbani ni jela hiyo.

Nilipofika nyumbani nikaendelea kusoma, nikakuta kumbe wazungu nao wanagombania hayo hayo. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya bwana mmoja wa Jamhuri ya Czech aliyevunjiwa madirisha, akafunga kamera, na kamera ikamnasa mtuhumiwa barabarani. Mahakama ikasema kamera inayochukua njia ya watu wote haihesabiki tena kuwa jambo la nyumbani tu, ingawa haja ya mtu kujilinda nayo inapewa uzito wake. Oktoba 2021, mahakama ya Oxford, Uingereza, ikampa ushindi mama mmoja dhidi ya jirani yake mwenye kamera za mlangoni. Kilichomponza zaidi yule jirani kilikuwa sauti: zile kamera zilikuwa zinasikia mazungumzo ya watu kutoka mbali sana, na hakimu akaona hilo ni baya kuliko picha.

Nikaenda kuangalia yetu. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na kilikuwa kinasikia mpaka wapangaji wakigombana habari za kodi. Mambo ya ndani ya watu, mengine siwezi kuyaandika hapa. Nikakizima. Kamera nikaishusha mpaka mita mbili na nusu hivi kutoka chini, nikaiinamisha itazame geti na stoo. Kwenye programu kuna sehemu ya kuziba kipande cha picha kwa weusi, nikaziba upande wote wa mzee. Nikamwita aone kwa macho yake. Getini nikaandika kwa rangi: ENEO HILI LINA KAMERA. Mzee akanishukuru, na binti yake wa pili tangu siku hiyo ananiangalia kwa jicho ambalo sijui nilisomeje, lakini hiyo ni safu ya wiki nyingine.

TURUDI KWENYE KOFI

Sasa yule kijana. Ni mtoto wa Ileje, kaja mjini kubeba mizigo mpakani, kimya, hana ndugu hapa. Watu wa namna hiyo ndio hushikwa wa kwanza.

Baada ya kugundua wizi, mwenye pikipiki alinigongea mimi saa kumi na moja alfajiri. Nikafungua kumbukumbu nikaona yule mtu wa jaketi. Sura haionekani, geti liko mbali na kamera. Lakini jaketi lile kila mtu uani analijua, la mtumba, mstari mweupe mkononi. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo linanisuta mpaka sasa. Nilikata kile kipande cha video nikakirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na maneno haya: "Tumemjua. Chumba cha mwisho." Ndiyo maana hao watu 30 walijaa kabla hata jogoo hajawika mara ya pili.

Kofi la pili likaja, tena kutoka kwa mwenye nyumba. Yule mwenye nondo akasogea. Kijana akawa analia, "Saa nne nilikuwa kwenye mpira, ulizeni! Saa nne nilikuwa kwenye mpira!" Watu wanacheka: saa nne ya nini, wakati kamera inasema saa tatu? Ina maana umeiba saa tatu, ukauza, ukaenda kwenye mpira na hela zetu.

Mama Mdogo ndiye aliyepaza sauti. Wala hakuwa anamtetea kijana. Alikuwa ananilaumu mimi. "Na hii kamera yenyewe ya nini, jana nusu ya usiku ilikuwa imezima, LUKU imeisha, nikakutuma ukanunue!"

Nikaduwaa. Ni kweli, LUKU iliisha jana yake, nikanunua kwa simu, nikaingiza tarakimu, umeme ukarudi. Nikafungua ujumbe wa muamala. Ule ujumbe unaandikwa na kompyuta za kampuni ya simu, na saa imo ndani ya maneno yenyewe: 20:49. Saa mbili na dakika 49 usiku. Nikarudi kwenye kamera. Kamera ilikuwa giza, halafu ikawaka. Ikawaka saa ngapi? 19:53.

Msomaji, soma tena hapo. Kamera ilipata umeme karibu saa nzima kabla mimi sijaununua.

Haiwezekani, labda kama TANESCO wanakopesha. Kilichowezekana ni kimoja tu, na mtu yeyote wa Tunduma angetakiwa kukijua tangu asubuhi. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Siku ile ya Julai nilipokuwa nafunga kamera, simu yangu ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo, saa yake ikajirudisha nyuma yenyewe, na kamera ikachukua majira kutoka kwenye simu. Miezi miwili nyumba ya Tunduma ilikuwa inalindwa kwa saa ya Lusaka, na hakuna aliyeona, kwanza kwa sababu zile tarakimu ni ndogo, pili kwa sababu kamera haijui saa ya Kiswahili. Inasema 21, wewe mpaka upige hesabu kichwani, nani ana muda huo?

Kwa hiyo pikipiki haikutoka saa tatu na dakika kumi. Ilitoka saa nne na dakika kumi. Na saa nne na dakika kumi mpira wa Ulaya ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, na mwenye kibanda cha video alikuwepo pale pale kwenye umati, kaja na wengine kushuhudia mwizi. Akajikuna kichwa. "Kama ni saa nne na dakika kumi, huyu alikuwa kwangu. Benchi la mbele. Alinipa noti ya elfu tano nikawa natafuta chenji." Wengine wawili wakaitikia, tulikuwa naye. Sasa wanasema! Dakika tano kabla walikuwa wamekunja mikono.

Na jaketi je? Nililifanyia jaribio siku ya pili, kwa hasira zangu tu. Usiku kamera inatumia mwanga usioonekana kwa macho, na picha inakuwa ya kijivu. Nilivaa sweta langu jeusi tii, nikapita getini: likatoka jeupe kama la mganga. Vitambaa vingine vyeusi, hasa vya nailoni na mchanganyiko wake, vinaurudisha mwanga ule. Ule mstari "mweupe" ungeweza kuwa mwekundu, wa bluu au wa rangi yoyote. Na majaketi ya mstari mtumbani yako mangapi?

Umati ukayeyuka mmoja mmoja. Mwenye nondo sijui alipita wapi. Aliyeomba msamaha kwa sauti ni mzee wa TAZARA peke yake, ambaye hakuwa amemgusa mtu.

POLISI

Tulikwenda kituoni, mimi na mwenye pikipiki. Nikaeleza kila kitu, pamoja na habari ya saa, na askari akaiandika kwenye maelezo yangu. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama haikatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila inapima uzito wake: ulitengenezwaje, ulitunzwaje, nani aliushika. Sasa fikiria ningepeleka kile kipande nilichokikata mimi, chenye saa ya uongo, kilichokwisha kupita kwenye simu mia. Nilichomoa memori kadi yenyewe, nikaandika tarehe, saa na jina la niliyemkabidhi, nikaweka nyingine mpya. Ukiwa na kamera fanya hivyo. Na kila mwezi isimamishe simu yenye saa sahihi mbele ya kamera, ulinganishe tarakimu. Kwenye simu yako na kwenye programu, zima ile ya kujipangia majira yenyewe, chagua Dar es Salaam kwa mkono. Geti likiwa mbali, tafuta kamera ya pili ya karibu. Mita nne unapata sura, mita 12 unapata jaketi.

Askari aliniuliza swali moja kabla hatujaondoka: video nimempa nani mwingine? Nikasema kundi la mtaa. Akaniangalia. Anayetoa taarifa binafsi za mtu kinyume na Sheria ile ya 2022, faini yake ni kuanzia shilingi 100,000 hadi 20,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Na kumwita mtu mwizi mtandaoni wakati si mwizi, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inakungoja. Nilitoka pale miguu si yangu.

Pikipiki mpaka leo haijaonekana.

Kijana alihama mwisho wa mwezi ule ule. Siku anafunga godoro lake nilimfuata nikamwomba radhi. Hakunitukana. Aliniambia neno moja, niifute ile video. Kisheria ana haki hiyo, mtu anaweza kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na mie sikuhitaji sheria. Nikaifuta mbele yake, kwenye simu yangu na kwenye kundi. Mama Mdogo akampa kitenge cha kumpelekea mama yake Ileje. Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka.

Juzi Jumapili binamu yangu wa Mbeya kanitumia video. Nimeifungua, naona geti letu, jaketi, 21:10 pembeni. Chini imeandikwa: "Mwizi sugu wa pikipiki Tunduma, sambaza na wengine." Juu yake kuna ile alama kwamba imeshatumwa mara nyingi.

Nikamwandikia kwamba ile saa ni ya Zambia na yule si mwizi. Akanijibu, "Wewe umejuaje?"